Dakika ya Kumi na Mbili

…na tena mkono huu haudanganywi na moto, mkono huu ulifungua na kufunga milango ya tanuru miaka kumi na tisa kule fonderi ya Panda, unajua joto la chai na joto la homa na joto la shaba inayotaka kumwagika, fundi mwingine wa Likasi angeanza kutafuta kipimo cha kioo, Octave anaweka kiganja, basi, kiganja cha kushoto kimelala juu ya ordinateri ya kanisa, hii kompyuta ndogo ya kukunja kama Biblia ya jalada gumu, kiko pale kando ya vibonyezo, na kiganja kinasema dakika ya pili, uvuguvugu wa yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku, dakika ya tano itakuwa bukari, yaani ugali, uliopakuliwa, ya nane itakuwa sufuria yenyewe, na ya kumi na moja, tak, kioo cheusi, kimya, halafu dakika arobaini za kungoja ipoe, na Mama Germaine wa kwaya hajali habari za mayai wala bukari, ameinama ng'ambo ya meza juu ya daftari, Biki, kalamu yake, inakimbia, anasoma kwenye kioo kwa sauti ya chini kama mtu anayesali peke yake, "Kadima Alphonse, Mbuji-Mayi, nyuma ya soko ya mahindi… Kalenga Michelle, Kananga, kwa mujomba yake…", macho juu, macho chini, "baba Octave, weye utakaa tu vile, sawa muganga anapima mimba?", "mama, minye niko nasikiliza mashine, acha kelele", "kelele ni ya nani, tangu Lundi kinywa yako haifunge, injeniere wa Mulungwishi", ah, anamchokoza, na Octave anaachia cheko fupi la puani kwa sababu ni kweli yeye mwenyewe alitangaza kwamba alisoma elektroniki Mulungwishi, na alikaa kweli Mulungwishi, wiki saba nzima, akipaka chokaa bweni la wavulana, lakini ukipaka chokaa dirishani mwalimu akifundisha ndani, elimu inapita, masikio hayana mlango… dakika ya tatu sasa, saa ya ukutani ya kanisa inatembea vizuri kuliko kanisa lenyewe, na majina ni mia tatu na arobaini.

Mia tatu na arobaini, na Mama Germaine tangu jana mchana amenakili tisini na saba, na treni inapita leo saa nane, Mungu akipenda na mafuta yakipatikana, treni ambayo haijapita miezi mingapi hata mkuu wa gare, wa stesheni, haelewi vizuri, habari ilifika jana tu, na Pasta Joachim yuko gare tangu alfajiri amekalia valizi yake, gunia la barua katikati ya magoti, barua za watu wa hapa kwa watu wao waliopakiwa miaka mitatu iliyopita wakaambiwa rudini kwenu Kasai, kwao ambako wengine hawakuwa wamefika hata siku moja, wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, meno ya utoto waliyatupa juu ya mapaa ya Likasi, na barua bila orodha ni karatasi za kuwashia moto, kwa sababu nani anakaa wapi sasa, nani alishukia Mwene-Ditu, nani alifika Kananga, yote hayo Pasta na Mama Germaine waliyaokota kwa miaka miwili kinywani mwa wasafiri, jina moja leo, jina lingine baada ya mwezi, wakayaweka humu ndani, daftari za kwanza zililowa siku dari lilipoanguka, na mashine ya kuchapa wino wake ulikauka tangu mwaka wa uporaji, kwa hiyo yako humu, humu tu, chini ya kiganja hiki, na hesabu hata mtu aliyesoma dirishani anaiweza, dakika kumi na moja za mwanga, arobaini za giza, mpaka saa nane Mama atakuwa amepata majina themanini mengine, na watu mia moja na sitini na zaidi watabaki ndani ya sanduku, na barua zao zitasafiri mpaka Kasai kisha zirudi, kama zitarudi… "Kanku, mama ya mapasa, Mbuji-Mayi, kwa Watheresia…", na nani aliiharibu mashine, hakuna aliyesema, watu wa kanisa wana adabu, lakini wanamtazama, Lundi, Jumatatu, ilikuwa nzima na Lundi ileile Octave aliigusa.

Aliigusa kwa heshima, hata hivyo, disketi kumi na tatu zilizovuka mpaka kutoka Zambia ndani ya gunia la samaki wakavu, zilinuka samaki lakini zilisoma zote kumi na tatu, mfumo mpya, ule wa zamani ulikuwa kama mzee anayesimama ili akae, huu mpya ukiuwasha unakuonyesha mbingu na mawingu, waumini walikuja kuona, kwaya ya Mama Germaine ikaimba, Octave akasimama mbele ya mashine akasema mengi, alisema kwamba yeye na mashine za kuzunguka wanaelewana tangu zamani, akarudia ile ya Panda, wote wanaijua, siku motere kubwa ya kupuliza hewa ilipoanza kuungua na injeniere mwenye tai akalaumu brashi mpya za kaboni zilizotoka Ulaya akataka kuzima tanuru zima, na yeye Octave akalala kifudifudi kwenye grasi, mafuta mazito ya mashine, akatega sikio, akaingiza mkono akatoa gunia la sima, la saruji, lililovutwa na upepo likaziba wavu wa kuingizia hewa, tanuru likapona, injeniere akampa mkono, na watu walicheka na kupiga makofi kama kila mara, na Mama Élisabeth mmisionari angekuwepo angepiga makofi pia, yeye aliyewaachia mashine hii alipoondoka, mashine na vijiti viwili vya mbao ilivyokuwa inalalia, vijiti vya upana wa kidole, hakuna aliyewahi kuuliza ni vya nini, desturi za Wazungu, labda kwao kila kitu kina kitanda… dakika ya nne na nusu, bukari unakaribia, na mfumo mpya una makosa yake, hilo atalisema hadharani, ubongo wa mashine haupumziki, hata ukiiacha yenyewe iko inasaga, taa ndogo ya diski inapepesa kama jicho la mwizi, basi tangu Lundi amefanya yote ambayo fundi angefanya, Mardi alilaumu umeme, akaazima kwa Baba Willy wa bia kile kisanduku cha kutuliza umeme cha frigo yake, bure, bia za watu zikapata moto na ordinateri ikapata moto vilevile, Mercredi alitoa betri akaianika juani kama muhogo, bure, akafuta programu zinazojiamsha zenyewe asubuhi, akafuta samaki wanaoogelea kwenye kioo ukienda kula, akapunguza rangi, na hapo ilitoka dakika tisa ikafika kumi na moja, na kwa dakika hizo mbili alijisifu barabara ya Kikula kutoka mwanzo mpaka mwisho, Jeudi akaibeba nyumbani akaifungua, skrubu kumi na nne zilitoka, kumi na moja zikarudi, tatu ziko mfukoni mwa shati hapa juu ya moyo na hakuna aliyeuliza, akaiwasha pale kwenye meza tupu ya karakana, na ikakaa, ikakaa saa nzima na zaidi, baridi kama mtungi, mpaka akalala juu ya kiti, na asubuhi akawaambia watu, mumeona, inaniogopa, akairudisha ofisini, akaiweka mahali pake vizuri, na dakika ya kumi na moja, tak.

Inaniogopa… maneno gani hayo ya mtu mzima… "Kanyinda…" na sauti ya Mama Germaine inashuka, inakaa kidogo, Biki inachora kitu kidogo kando, na Octave anajua ni nini, ni msalaba, kwenye kioo waliweka alama ya kujumlisha mbele ya jina la aliyekufa, wengine walikufa gare hapa hapa wakingoja behewa, wengine njiani, wengine walifika wakafa kwa kufika, na Octave hajawahi kusoma orodha, fundi wa mashine ambaye hajawahi kutazama mashine ina nini, miaka miwili anapangusa vumbi, anabadilisha fyuzi, na kila orodha ikifunguliwa anakumbuka ana kazi dirishani, kwa sababu baada ya K inakuja L na baada ya L inakuja M, na kwenye M kuna Mukendi, au kuna Mukendi na ile alama, au hakuna Mukendi kabisa, na hilo la tatu hajui kama ni jema au ni baya kuliko yote, "Kapinga Orpa, Mwene-Ditu, anauzisha mafuta…", "mama, uko herufi gani?", "bado K, K ni benyi, Bakasai bote ni K, unaharakisha nini, Mukendi yako atafika, mambo yenu si ninajua, Likasi muzima inajua weye ulimubebea godoro mpaka ku gare, bengine balifunga milango, weye ulibeba", na Octave anasema "mm", mm tu, na Mama Germaine anarudi kwenye Biki yake, na joto liko dakika ya sita, bukari umepakuliwa na unatoa mvuke.

Godoro. Godoro lilikuwa la mistari ya buluu, alilijua vizuri, walilinunua pamoja Kapolowe wakalifunga juu ya kinga moja, baiskeli, wakalisukuma kwa zamu, yeye na Mukendi, wakicheka njia nzima, walikaa ukuta mmoja katika kambi ya wafanyakazi, mke wa Mukendi akikaanga vitunguu watoto wa Octave walikohoa, na siku ile ya kuwafukuza Bakasai, kelele barabarani, mchana, nyimbo, fimbo, majina ya watu yakisomwa kama mtihani, Octave alikuwa nyuma ya dirisha la mbao, alilivuta mwenyewe, akaweka jicho kwenye ufa, akaona godoro la mistari ya buluu likitoka mlangoni na chini ya godoro miguu ya Mukendi, na miguu ikasimama mbele ya dirisha lake, vidole viwili vikagonga ubao, ko, ko, vile walivyokuwa wanagonga beringi kule kazini ili kusikia kama ni nzima, ko, ko, mara mbili tu, halafu miguu ikaenda… na mwezi mmoja baadaye mahali pa kunywea munkoyo mtu aliuliza nani aliwasaidia majirani zake, na mdomo wa Octave ukafunguka wenyewe kama kawaida yake, ukasema minye nilibeba godoro ya Mukendi, na lilikuwa zito hivi, na lilikuwa na kunguni hivi, watu wakacheka, na ilipokwisha kuchekwa ikawa kweli, hivyo ndivyo ilivyo, kitu kikichekwa mara tatu hapa Likasi kina vyeti vyote… dakika ya saba, na kuna kitu, ngoja, si joto, ni sauti, mashine ilikuwa na sauti yake zamani, fuuu, nyembamba, kama mtu anayepuliza chai, na sasa si fuuu, tangu lini si fuuu, sasa ni mmm, kama kwaya ya Mama Germaine wanapoimba bila maneno wakati wa sadaka, kinywa kimefungwa, mmm, na kuna mtu aliwahi kusema hivyo hivyo, anaimba na kinywa imefungwa, huyu, musikilize, anaimba na kinywa imefungwa, alisema akiwa amelala kifudifudi, sikio kwenye motere, na grasi shavuni… lakini kama aliyelala kifudifudi alikuwa Octave, basi Octave alikuwa anamwambia nani, na mbona anakumbuka mgongo wa yule mtu, anaona nyayo za viatu vyake, kiatu cha kulia kimefungwa kwa waya wa shaba, mtu hawezi kuona mgongo wake mwenyewe, na viatu vya waya vilikuwa vya Mukendi.

Vilikuwa vya Mukendi. Ee Mungu wangu… na havikuwa pekee, na gunia la sima halikuwa gunia, ilikuwa koti, ilikuwa koti ya buluu ya kazi, namba elfu moja mia moja arobaini na saba imeshonwa kifuani, namba ya Octave, ilikuwa masika, koti imelowa, na Octave fundi mkubwa alijua kwamba mbele ya wavu ule kuna upepo mzuri unaokausha nguo kuliko jua, akaitundika pale, akaenda kula, na koti ikanyonywa ikaziba kinywa cha motere, na injeniere akaja na tai yake, na Mukendi akalala kifudifudi akasikiliza, akaingiza mkono, akaivuta, akaikunja haraka chini ya kwapa kabla injeniere hajainama, akasema "gunia ya sima, bwana injeniere, upepo ndjo iliileta", na angesema neno moja tu jingine Octave angekuwa nje ya geti jioni ileile, na watoto wanne nyumbani, halafu kule kwenye makabati ya kubadilishia nguo Mukendi akamtupia usoni, koti imekauka kweli, imepata moto kama mkate, "kamata, koti yako iko na hamu ya kazi kupita weye", na wakacheka mpaka wakakaa chini, na ni Octave aliyeanza kuisimulia, kwanza kwa jina la Mukendi, halafu bila jina, mtu mmoja alilala kifudifudi, halafu Mukendi alipokuwa hayupo tena wa kumkosoa, yule mtu mmoja akawa minye, mimi… miaka mitatu anaisimulia, aliisimulia Lundi mbele ya mashine hii hii, mbele ya kwaya, akifundisha watu kwamba kitu cha kuzunguka kikipata moto usilaumu brashi mpya, angalia kwanza kinywa chake, alisema hivyo kwa sauti kubwa, kisha akageuka akamwambia Mama Germaine nini, alimwambia nini, dakika ya nane, sufuria, alimwambia mama, mashine ya sasa ni ya kisasa, haiwezi kulala juu ya mbao kama mukate, haiwezi kukaa uchi, redio yako nyumbani uliivalisha, televizio ya Baba Willy imevaa mpaka shingoni, na kitu cha kanisa je, na Mama Germaine akakimbia nyumbani akarudi na kile kitambaa cha kroshe, cheupe, maua ya pembeni, kile cha arusi yake, akakikunja mara mbili ili kiwe laini zaidi, wakakitandika, wakailaza mashine juu yake, watu wakasema Amina, na vile vijiti viwili vya Mama Élisabeth, Octave mwenyewe, kwa mkono wake huu usiodanganywa na moto, alivitia kwenye mbabula, jiko la makaa, akachemshia chai ya wageni.

"Kasonga… Katende Hénoc, Kananga, anafundisha masomo…", kidole kimoja cha Octave, cha mkono wa kulia, kinashuka pembeni ya mashine bila kelele, kinapita chini ya ukingo, kinakuta kroshe, kinafuata uzi, ua la kwanza, ua la pili, na pale katikati, chini ya tumbo la mashine, kitambaa kimevutwa ndani, kimenyonywa, kimeingia kwenye matundu ya kuvutia hewa kama titi kinywani mwa mtoto, akivuta kidogo kinarudi, kinakatalia, na kinaimba, mmm, dakika ya tisa, mashine inachoma sasa, kiganja cha kushoto kinataka kukimbia na Octave anakikataza, kaa hapo, na kidole kinaweza kuvuta, ni kuvuta tu, lakini hata sasa, hata sasa mdomo wake unaandaa maneno, anausikia ukiyapanga kama muuza nyanya, atasema alikuta virusi, watu wanaheshimu virusi, atasema aliongea na mfumo kwa lugha yake, atasema hewa ya Likasi ina kobalti nyingi, na kitambaa atakivuta polepole na kukitia mfukoni na zile skrubu tatu, hakuna atakayejua, na jioni ataisimulia Kikula na itachekwa, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu… na atakuwa na hadithi mbili za kinywa kilichozibwa, na katika zote mbili aliyeziba ni yeye, na katika zote mbili aliyeponya ni yeye… Mukendi alidanganya mara moja tu katika maisha yake ambayo Octave anajua, gunia ya sima, na hakudanganya kwa ajili yake mwenyewe, na hakuisimulia hata kwa mke wake, ukuta ulikuwa mmoja, vitunguu vilisikika, hadithi ingesikika, dakika ya kumi, "Kayembe Tina…", vuta.

Akavuta. Kitambaa kikaachia kwa sauti ndogo, kama busu, na mashine ikasema fuuu. Fuuu, upepo wa moto ukapiga kifundo cha mkono wake wa kulia, akachomoa skrubu moja mfukoni, ya pili, ya tatu, akaziingiza chini ya pembe za mashine, moja moja, vijiti vya chuma badala ya mbao, na mashine ikasimama juu ya meza imenyanyuka kidogo kama mwanamke anayevuka maji ameinua kitenge kwa heshima, na Mama Germaine hakuona, alikuwa anakimbizana na saa, alijua ana dakika moja, anaandika nusu ya majina, "Kaz… Kazadi… eh Bwana, ngoja kidogo weye mashine, ngoja, usizime," na saa ya ukutani ikagusa kumi na moja, na Mama akainua Biki hewani akakunja uso kama mtu anayengoja bunduki ilie, na kioo hakikuzimika, na kiganja cha Octave bado kiko palepale na joto linarudi nyuma kama mtu aliyekosea nyumba, kutoka sufuria kwenda bukari, kumi na mbili, saa imegusa kumi na mbili, na Mama anageuza macho polepole kutoka kwenye saa kuja kwenye kioo kuja kwenye Octave kuja kwenye kitambaa cha arusi yake juu ya paja la Octave, katikati kimefanya kovu la kahawia, duara, kama mkate wa kaki.

"Baba Octave. Kitu gani ilikuwa inaiunguza?", na virusi vilikuwepo, na kobalti ilikuwepo, zote zimepangwa kama nyanya, nyekundu, zimeiva, akazitazama akazipita, "ni minye, mama, ni minye nilisema tuitandikie kitambaa, ilikuwa inakosa kupumua, na tubao twa Mama Élisabeth niliunguza juu ya chai", na Mama Germaine akamtazama, mdomo wake ukianza kutetemeka pembeni, si hasira, ni kicheko kinachotafuta mlango, "juma nzima, injeniere, juma nzima, juu ya kitambaa yangu?", "juma nzima", "na bia za Baba Willy?", "mama, acha bia", na alicheka, alicheka akaandika Kazadi yote akicheka, kuna muda, mpaka saa nane kuna muda hata wa kunywa maji, majina yote yatatoka, wote mia tatu na arobaini, wenye msalaba na wasio nao, watapanda behewa pamoja na Pasta, na Octave anahesabu na hesabu inatoka vizuri kwa mara ya kwanza tangu Lundi, na bado haijaisha, kwa sababu kuna kitu kingine kimezibwa na yeye ndiye anayejua kiko wapi, na miaka mitatu kinaimba mmm, na wote walidhani ni kwaya… "mama Germaine," anasema, "ruka, kiisha utarudi, enda ku M", "juu ya nini?", "enda tu, naomba", na Mama anamtazama tena, kicheko kinakaa, kidole chake kinabonyeza, orodha inapanda kama maji, L inapita, Lukusa, Lumbala, M, Mbombo, Mbuyi, na Octave hafungi macho na haendi dirishani, anaangalia, herufi za kijani zinamtazama usoni, na anasikiliza sauti ya Mama, kama itashuka, kama itakaa kidogo, "Mukeba… Mukendi Évariste," na haishuki, inaendelea vilevile, sauti ya sokoni, sauti ya mtu anayesoma watu wanaopumua, "Mukendi Évariste, Mwene-Ditu, ku ng'ambo ya gare, anatengeneza motere za kusaga mahindi", motere, bila shaka motere, amelala kifudifudi mahali fulani sasa hivi, shavu limejaa grasi na unga, na mtu kando yake analaumu brashi, na kiatu sijui amekifunga na nini, na Octave anacheka peke yake na maji yanamtoka puani, "ukiandika jina yake, mama, kando yake pana nafasi?", "iko, kidogo, nafasi ya mustari moja, weye ungeandika barua, karatasi niko nayo", "barua nitajaza uongo, unanijua, mustari moja inatosha, Pasta atamusomea", na Biki ya Mama Germaine inakaa hewani inangoja, na saa inasema kumi na nne, na mashine inapuliza chai yake, fuuu, na kiganja bado kiko palepale, uvuguvugu wa yai, na Octave anagonga meza kwa vidole viwili, ko, ko, anasikiliza, "andika, koti ilikuwa yangu… na chini yake, kama itaenea, godoro sikubeba, nilikuwa nyuma ya dirisha, nilisikia."